Barua ya Kumi na Saba ya Komeo

Wifi yangu ukimwona anasukuma toroli la mashuka, huwezi kugeuka kumtazama mara mbili. Ni mama wa watu, mfupi, amejaa kidogo kiunoni, anafua nguo za hospitali na hapendi kuulizwa maswali akiwa na pasi mkononi. Kaka yangu alimwoa akiwa na vidole kumi vilivyonyooka. Leo vinne vimepinda, na kaka akiulizwa na wateja wake wa useremala husema mke wake alibanwa na mlango, maana akianza kueleza habari za mpira wa mikono wanadhani anawatania.

Huyo ndiye kipa wa timu yetu katika ligi ya taifa ya wanawake. Uwanjani tunamwita Komeo. Mimi namwita wifi, na nikimtania ni haki yangu, sikuiazima kwa mtu.

Sasa ukisikia ligi ya taifa usije ukadhani kuna majukwaa na taa. Ni timu nane, kila moja ya taasisi fulani: magereza, reli, posta, chuo cha ualimu, na wengine wa aina hiyo. Sisi ni hospitali. Uwanja wetu ni lami iliyo nyuma ya chumba cha kufulia, na gari la wagonjwa likitaka kugeuza, refa anapuliza filimbi, tunalipisha, tunaendelea. Watazamaji wetu ni ndugu zetu, wagonjwa wanaoweza kutembea, na watu waliopotea njia ya kwenda kupiga picha ya kifua. Mimi ni mkunga, nacheza pembeni kulia. Kocha wetu ni mfamasia, mipango yake ya ushindi huiandika kwenye karatasi za dawa, na mwandiko wake ndio huo huo, hatujawahi kuusoma.

Komeo hakuja hospitali kucheza. Alikuja kutafuta kibarua. Enzi hizo manesi wa ghorofa ya pili walikuwa hawataki kushuka ngazi na mashuka machafu. Wanayafunga furushi, wanalitupa dirishani, na aliye chini adake. Vibarua wengine walikuwa wanakimbia, furushi likitua ndipo waliokote. Yeye alikuwa anadaka. Wakitupa mawili kwa mpigo anadaka moja, la pili analizuia kwa goti lisiguse ardhi. Kocha alikuwa anapita na boksi lake la dawa, akasimama. Wiki ile ile wifi akapewa karatasi iliyoandikwa kwamba yeye ni kibarua wa michezo: Jumatatu hadi Ijumaa anafua, Jumamosi yuko na timu. Ajira ya kudumu wakamwambia itafuata msimu ukiisha.

Msimu uliisha. Akaandika barua. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Msimu mwingine ukaisha, barua nyingine, linashughulikiwa. Alipigwa danadana na makatibu wanne wa hospitali mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwachia mwenzake droo yenye barua za wifi yangu. Barua kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nazinyoosha lugha, kwa hiyo idadi naijua. Na niseme wazi, makatibu wale niliwalaani. Niliwalaani wodini, niliwalaani kwenye foleni ya kusaini mahudhurio, na mmoja wao nilimzalisha mkewe huku nikimlaani kimoyomoyo. Mtu anakaaje juu ya barua ya mwenzake mwaka mzima na usiku analala?

Yeye mwenyewe hakuwa na makelele. Ukimsifu kwa mpira aliouokoa anakukatiza. Ukimwambia jamani wewe unaupenda huu mchezo, anakasirika kweli. Alikuwa na jibu moja tu miaka yote.

"Mimi sichezi, wifi. Mimi nasubiri ajira."

Tukamwamini. Kwa nini tusimwamini? Mtu gani mwenye akili timamu anasimama mbele ya goli la chuma, mwanamke wa magereza mwenye mabega mapana anaruka hewani, anamtandika mpira wa uso kutoka hatua sita, halafu useme anapenda?

Basi ukaja msimu wa kumi na saba, na Katibu mpya. Huyu alikuwa kijana, amenyooka, anapenda karatasi kuliko watu. Wiki ya kwanza akabandika tangazo kwenye ubao. Timu ikimaliza ligi katika nafasi nne za juu, vibarua wote wa michezo watathibitishwa kazini. Ikishindwa, timu inavunjwa na mikataba ya vibarua wa michezo inakoma. Tukasoma tukatazamana. Vibarua wa michezo wote, katika hospitali nzima, walikuwa mmoja. Sisi wengine ni manesi, wakunga na watu wa maabara, tuna ajira zetu. Timu ikivunjwa tutapumzisha magoti. Yeye ndiye ambaye kibarua chake kingeota nyasi, akiwa na watoto watatu shuleni na mume ambaye meza zake watu wanazisifu sana na kununua za plastiki.

Msimu uliopita tulikuwa wa saba.

Sitakusimulia mechi zote kumi na nne, zingine najionea aibu. Ya kwanza magereza walitufunga kwa tofauti ya magoli kumi na manne, na kapteni wao akatuomba radhi. Tatizo letu siku zote ni zamu. Timu nyingine zinauliza mpinzani ana nguvu gani; sisi tunauliza nani katoka zamu. Kule kwa posta tulianza tukiwa sita kwa sababu wawili walibakizwa kwenye upasuaji. Mechi na chuo cha ualimu niliiacha katikati, nimeitwa wodini kuna mapacha, nikarudi dakika kumi za mwisho nina glavu moja mfukoni na tunaongoza kwa goli moja. Kwa nini tunaongoza? Wifi. Alikuwa amedaka kila kitu. Walimu wale walirusha mpaka wakachoka, wakaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe kwa Kiswahili fasaha.

Hivyo ndivyo tulivyojikongoja. Tunafunga kidogo, yeye anazuia kingi. Mechi za kati akawa haongei kabisa. Akifika nyumbani anaweka mkono kwenye beseni la maji baridi, kaka anamwangalia, anarudi kwenye randa yake. Mpaka mechi ya mwisho tulikuwa nafasi ya nne, pointi moja tu mbele ya reli, na mpinzani wetu wa mwisho alikuwa reli, kwetu. Sare ilitutosha. Tukifungwa, timu imekwisha na wifi yangu kamwaga unga.

Katibu akatangaza kwamba atahudhuria, na mgeni kutoka wizarani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu alikuwa mtu wa mwisho ambaye ungemfikiria.

Jezi zetu huwa tunajifulia kila mtu kwake. Mara hii wifi akasema hapana, mgeni wa wizarani hawezi kutuona na madoa, nipeni zote nizifue kazini. Tukampa Ijumaa, tukafurahi. Sasa mashine ya hospitali ina programu tatu: nguo za watumishi, nguo za wodini, na nguo za chumba cha upasuaji. Mtu mwingine yeyote duniani angechagua ya kwanza. Lakini huyu amezoea kwamba kitu cha muhimu, kitu ambacho uhai wa mtu unakitegemea, kinafuliwa programu ya tatu. Nyuzi joto tisini, dawa ya kuua vijidudu, mvuke, saa moja na nusu.

Jumamosi asubuhi akafungua mfuko mbele yetu kwenye chumba cha kubadilishia. Jezi za kijani zilikuwa zimekuwa rangi ya maji ya kabichi. Zimeruka juu hadi kitovuni. Na namba hazikuwepo. Hata moja. Zote zilikuwa zimebanduka na kugandamana ndani ya pipa la mashine, na asubuhi hiyo dobi mzee, mkuu wa chumba cha kufulia, alikuwa akizikwangua kwa kisu huku akiuliza nani kaleta uchafu huu.

Wifi alikaa chini sakafuni. Miaka yote ile sijawahi kumwona akikaa chini siku ya mechi. Hakulia, alishika tu jezi moja akawa anaivuta pande zote mbili, anaivuta, anaivuta, labda irudi.

Ya kwake ilikuwa nzima. Jezi ya kipa ni ya rangi tofauti, ya njano, na yeye hakuichanganya na zetu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ile huwa anaifua nyumbani kwa mkono, kwa sabuni ya kipande, mashine haiamini. Nilikuwa na haraka, sikulitilia maanani jibu hilo.

Refa alikuja, akatukagua, akafungua kitabu chake cha sheria. Mchezaji asiye na namba mgongoni na kifuani haingii uwanjani. Akatazama saa. Tulikuwa na dakika ishirini, zikipita anawapa reli ushindi wa mezani na kwenda zake. Kocha akaanza kuandika kitu kwenye karatasi ya dawa, Mungu anajua ni nini.

Aliyetuokoa ni nesi wa chumba cha vidonda, dada mkimya anayecheza katikati. Alitoka bila kuaga akarudi na boksi zima la plasta, ile pana nyeupe. Jamani, sisi ni watu wa hospitali. Hatujui kukimbia sana, lakini kubandika tunajua. Tulijipanga ukutani kama wanaosubiri chanjo, wawili wanakata, wawili wanabandika, mmoja anapima urefu kwa rula kwa sababu sheria inataka namba ya mgongoni iwe sentimita ishirini. Nane yangu ilichukua vipande vingi, nikaambiwa msimu ujao nichague moja. Refa akapita nyuma yetu na rula yake mwenyewe, akapima, akapima tena, akakosa sababu.

Tukatoka uwanjani na vitovu nje na plasta mgongoni. Wagonjwa walipiga makofi. Mgeni wa wizarani alimwuliza Katibu kama huo ni ubunifu wa hospitali, na Katibu, naambiwa, alikubali.

Mechi yenyewe ilikuwa vita. Reli wana mpigaji mmoja mrefu, mkata tiketi, mkono wa kushoto, ana mpira unaodunda karibu na mguu wa kipa halafu unaruka juu. Alitufunga tisa peke yake. Jasho likaingia kwenye plasta, namba zikaanza kuning'inia, na kila tukipata nafasi tunapigana makofi ya mgongoni, watu wanadhani tunapongezana kumbe tunagandishana. Sekunde za mwisho ubao ulisoma ishirini na moja kwa ishirini na moja. Nesi wa vidonda akamvuta mtu ndani ya mstari. Filimbi. Penalti ya reli.

Mkata tiketi akachukua mpira, akasimama kwenye alama ya mita saba. Wifi akasogea mbele hatua mbili. Nilikuwa pembeni, uso wake nauona vizuri kabisa, na nitakuambia nilichokiona, ingawa wakati ule sikukielewa: alikuwa ametulia. Nilitegemea kumwona mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi. Nilimwona mtu aliye nyumbani kwake. Mkata tiketi akadanganya juu mara moja, akadanganya mara ya pili, wifi hakutikisika. Akapiga chini, ule mpira wake wa kudunda, na wifi akaushukia kwa goti na kiganja vyote pamoja. Ukaruka nje kule kwenye magari ya wagonjwa. Mechi ikaisha.

Kidole cha nne kilivunjika pale pale. Tulimfunga kwa plasta ya namba yangu.

Katibu alitimiza ahadi, sina budi kumpa haki yake. Ndani ya wiki mbili barua ya ajira ya kudumu ikatoka, ina mhuri, ina kumbukumbu namba. Komeo aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akaniomba nimsomee mimi. Kaka akaitengenezea fremu ya mninga, akaitundika sebuleni juu ya kabati, na kwa mara ya kwanza kitu alichokitengeneza mume kikapewa nafasi nzuri kwenye nyumba yake. Tulikula, tulicheka, nikamwambia sasa wewe bibi mkubwa, goli utatuachia wenyewe. Akasema ndiyo. Akasema kwa furaha tele.

Miezi miwili baadaye dobi mzee akastaafu, na wifi akapanda kuwa mkuu wa chumba cha kufulia. Hapo ndipo karatasi zilipoanza kufanya kazi yake. Kanuni inasema boila la mvuke haliwashwi na kibarua. Linawashwa na mtumishi wa kudumu aliyesaini daftari. Miaka kumi na sita wifi aliliwasha akiwa kibarua, dobi mzee akiwa amelala juu ya marobota na kuamka Jumamosi tu kuliwasha mwenyewe, na hapakuwa na neno. Sasa amekuwa mtumishi, kanuni imemwona. Na nguo za upasuaji za wiki nzima zinachemshwa lini? Jumamosi.

Alikwenda kwa Katibu kuomba Jumamosi zake. Katibu alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsomea kanuni. Akamweleza kwamba ruhusa ya Jumamosi ilikuwa ya vibarua wa michezo, na cheo hicho hakipo tena hospitalini, kimefutwa kwa sababu aliyekuwa nacho amethibitishwa. Akampongeza tena.

Golini tukamweka binti wa maabara. Ni mtoto mzuri, mrefu, ana mikono mirefu, tatizo ni moja tu, mpira ukija anafumba macho. Mechi ya kwanza ya msimu tukacheza kwetu na posta. Dirisha la chumba cha kufulia lilikuwa wazi, boila linanguruma, na katikati ya ngurumo ile tukasikia sauti. "Shuka! Anapiga chini, shuka!" Binti akashuka, akafumba macho, akaokoa. Mara ya pili, mara ya tatu. Posta wakalalamika. Refa akaenda kwa Kocha kuuliza huyo anayefundisha dirishani yuko kwenye orodha ya nani. Kocha akajibu kwamba ni mtumishi wa hospitali, yuko kazini. Refa akaamuru dirisha lifungwe, na likafungwa. Tukafungwa na sisi, kwa magoli tisa.

Baada ya mechi nilimpelekea jezi. Safari hii zilikuwa mpya, namba zimeshonwa kwa uzi, alizipanga kwenye kapu bila kuzitazama. Akaniuliza goli la kumi na mbili liliingiaje, kushoto au kulia. Nikamwambia kushoto. Akasema alijua, alisikia kishindo cha mguu wa mpigaji, angelidaka. Halafu akafuta mikono, akatoa bahasha mfukoni mwa aproni na kunikabidhi. Alisema ninyooshe lugha, kisha nimpelekee Katibu, na kaka yangu asijue.

Niliifungua pale pale. Kwa unyenyekevu mkubwa, anaomba aondolewe katika ajira ya kudumu na kurudishwa kuwa kibarua wa michezo, kwa masharti yale yale ya zamani.

Nilimwambia ana wazimu. Nilimtajia watoto, nikamtajia uzee, kiinua mgongo, fremu ya mninga, miaka kumi na sita ya kuomba. Nilipiga kelele mpaka boila likaonekana limetulia. Aliniacha nimalize.

"Nilikudanganya, wifi," akasema. "Na mimi nilijidanganya. Ipeleke."

Lugha niliinyoosha. Hilo nililifanya, nikabadilisha na neno moja lililokuwa limekosewa. Kisha nikashika njia ya ofisi ya Katibu, nikafika mlangoni, nikaona watu wawili kwenye benchi, nikasema nitarudi. Leo ni wiki ya sita. Barua iko kwenye kabati langu wodini, chini ya sare za akiba. Kila nikitaka kuipeleka namwona kaka na wanangu wale watatu. Kila nikitaka kuichana namwona yeye amefungiwa dirisha, anahesabu magoli yetu kwa masikio. Basi siipeleki na siichani, na usiku nalala.

Jana alinisimamisha koridoni na toroli lake, akaniuliza kama imejibiwa. Nikamwambia inashughulikiwa.